Pampu iko nyumbani, majibu yako maabara: kisa cha mgonjwa mwenye maambukizi ya pingili za kiuno

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 61, mwalimu mstaafu, anayeishi na kisukari. Aliingia hospitalini akilalamika maumivu ya kiuno ya wiki tatu, makali zaidi usiku, pamoja na homa za hapa na pale alizozituliza kwa parasetamo. Miguu ilikuwa na nguvu, haja ndogo na kubwa hazikuwa na tatizo. Kisigino cha kulia kilikuwa na kidonda kidogo kilichokuwa kimeanza kufunga. Mgonjwa huyu nimemuunda kwa ajili ya uchambuzi, si mtu mmoja halisi. Hata hivyo, kila uamuzi uliofanywa juu yake ni ule ambao timu za tiba ya antibayotiki ya mshipani nje ya wodi hukutana nao, na upungufu uliojitokeza katikati ya tiba yake ndio sababu ya kuandika.

Picha ya MRI ilionyesha maambukizi kwenye diski iliyo kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, yakiwa yameingia kwenye mifupa ya juu na ya chini yake. Hapakuwa na usaha unaobana neva. Hilo ndilo la kwanza kutazamwa, kwa maana usaha ukishabana neva anaitwa daktari wa upasuaji, na habari ya kwenda nyumbani haizungumzwi tena.

Damu ya kuotesha, yaani ya kuwekwa kwenye chupa maabara ili bakteria waliomo waote na kutambuliwa, ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, seti mbili kutoka mishipa miwili tofauti. Mgonjwa ambaye presha inashuka hasubirishwi. Huyu alikuwa ametulia, na kwa mtu aliyetulia dozi moja inayotangulia damu inaweza kuficha bakteria, kisha tiba nzima ikaendeshwa kwa kubahatisha. Seti zote mbili ziliotesha Staphylococcus aureus, ambaye kuanzia hapa nitamwita stafilokokasi. Hakuwa wa aina sugu ijulikanayo kama MRSA, kwa hiyo dawa za kundi la betalaktamu, ambazo ndizo bora dhidi yake, zilikuwa wazi kutumika.

Stafilokokasi akiwa ndani ya damu hachukuliwi kuwa ameishia mahali panapouma. Hupenda kung'ang'ania vali za moyo, mifupa na kifaa chochote cha kigeni kilichomo mwilini. Ndiyo maana damu ilioteshwa upya baada ya saa 48 za dawa, moyo ukapimwa kwa ultrasaundi inayopitia umio, na kidonda cha kisigino kikapigwa picha kuhakikisha mfupa wa chini yake haujaguswa. Moyo ulikuwa salama na mfupa pia. Damu ya marudio haikuotesha kitu, na siku ilipochukuliwa ikawekwa kuwa siku ya kwanza ya tiba. Hesabu huanza pale damu inapokuwa safi, kwani siku ambazo bakteria bado wanaota haziwezi kuitwa siku za kupona.

Muda uliopangwa ulikuwa wiki sita. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliwapa wagonjwa wa aina hii miezi mitatu, hadi utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015 ulipolinganisha wiki 6 na wiki 12 za antibayotiki kwa maambukizi ya pingili. Waliopona walikuwa asilimia 90.9 katika kila kundi.

Siku ya 13

Ilipofika siku ya 13 homa ilikuwa imekwisha zaidi ya wiki moja. CRP, kipimo cha damu kinachopanda na uvimbe wa ndani, ilikuwa imeshuka kutoka 186 hadi 41. Mzee alikuwa anakula, anakwenda msalani mwenyewe, sukari imerudi kwenye mstari. Kitu pekee kilichomweka kitandani kilikuwa dripu.

Kitanda cha hospitali kina gharama yake kwa afya, mbali na fedha. Mtu anayelala mchana kutwa hupoteza misuli, damu huweza kuganda miguuni, na wodi zina bakteria sugu ambao nyumbani ni wachache. Hoja hii si ya jana. Mwaka 1974 nchini Marekani, Rucker na Harrison walichapisha taarifa ya watoto wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoshambulia mapafu, waliopewa antibayotiki za mshipani bila kulazwa, na tangu hapo tiba hiyo imeenea kwa maambukizi ya mifupa, viungo, vali za moyo, ngozi na mkojo. Mahali pengine mgonjwa huenda kituoni kila siku kuchomwa dawa, pengine muuguzi humfuata nyumbani, na pengine mgonjwa mwenyewe au ndugu yake hufundishwa kuweka dawa.

Swali la timu basi halikuwa kama tiba ya nyumbani inafaa kwa jumla. Je, inamfaa mtu huyu, katika nyumba hii, na dawa hii? Waliuliza yale yanayoulizwa: nani analala naye nyumba moja, simu ipo, maji safi yapo, friji inafanya kazi, akizidiwa usiku atafikaje hospitalini. Binti yake mkubwa aliishi naye na alikuwa tayari kujifunza. Hapo ningependa timu zote zikawie kidogo. Neno "niko tayari" husemwa na mtoto aliyesimama mbele ya madaktari, baba yake akiwa anamtazama. Ni vigumu kusema kinyume. Muuguzi wa kisa hiki alifanya jambo la maana: alimchukua binti kando, akamuuliza kuhusu kazi yake, watoto wake, na kama kuna mtu wa pili wa kumpokea siku akiugua. Alimwambia pia kwamba akikataa, baba yake atatibiwa vilevile kwa njia nyingine. Binti alikubali akijua anachokubali.

Dawa ipi, na kwa njia ipi

Hapa ndipo tiba za nyumbani nyingi huharibika kimyakimya, kwa sababu urahisi huanza kuchagua dawa badala ya bakteria.

Wodini alikuwa akipewa flukloksasilini gramu 2 kila baada ya saa 4. Ni dawa nzuri kwa stafilokokasi huyu, lakini hakuna familia inayoweza kuweka dripu mara sita kwa siku na bado ikalala. Jina la kwanza lililotajwa mezani lilikuwa seftriaksoni, gramu 2 mara moja kwa siku. Inavutia: mgonjwa anakuja kituoni asubuhi, anachomwa, anaondoka. Tatizo ni kwamba nguvu yake dhidi ya stafilokokasi imebishaniwa kwa miaka. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hujishikiza kwenye protini za damu, na ushahidi wake kwa stafilokokasi aliyeingia kwenye damu ni haba kuliko wa dawa zilizozoeleka. Kwa maambukizi ya streptokokasi, bakteria wa jamii nyingine, nisingesita. Kwa stafilokokasi aliyepita kwenye damu hadi kwenye pingili, ningesita sana, na nafurahi kwamba timu ilisita.

Walichagua sefazolini, nayo ya kundi la betalaktamu, gramu 6 kwa siku zikitiririka mfululizo kutoka kwenye pampu ya mpira. Pampu hiyo ni chupa ya plastiki yenye puto ndani. Mfamasia hulijaza dawa, na puto linapojikunja husukuma dawa kupitia mrija mwembamba kwa saa 24 bila umeme wala betri. Mgonjwa huivaa kwenye mkoba mdogo kiunoni. Binti anatakiwa kuibadilisha mara moja kwa siku: kunawa mikono, kusugua kifundo cha katheta, ule mrija ulioingizwa mshipani, kwa spiriti na kuacha kikauke, kusukuma maji ya chumvi, kuunganisha pampu mpya, kufungua klipu. Sefazolini huvumilia kukaa saa nyingi ikiwa imeyeyushwa. Si kila antibayotiki ina sifa hiyo, na ndiyo maana mfamasia huingia kwenye mazungumzo kabla ya ruhusa kuandikwa.

Kuna mambo ya pampu ambayo karatasi za maelekezo huyapitia haraka. Joto hubadilisha mwendo wake. Pampu iliyotoka kwenye friji ikaunganishwa hapohapo huenda polepole, kwa hiyo hutolewa mapema ipate joto la chumba. Iliyolaliwa chini ya mablanketi huweza kumaliza kabla ya muda. Binti aliambiwa aangalie puto jioni na tena asubuhi, na kama saa 24 zimepita na bado limejaa, apige simu. Asilifinye.

Kwa njia ya kuingizia dawa, kanula ya kawaida ya mkononi haikufaa, kwani haiwezi kutegemewa kwa wiki nne. Aliwekewa PICC, katheta ndefu inayoingilia mshipa wa juu ya kiwiko na ncha yake kuishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Kabla ya hapo walitazama figo, na walifanya vema. Mwenye kisukari ambaye figo zinadhoofika anaweza siku moja kuhitaji dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, na katheta ya aina hii huweza kuziba mishipa ambayo ingetengenezewa njia ya dayalisisi. Mapendekezo ya wataalamu ya mwaka 2015 yanashauri PICC iepukwe pale kiwango cha uchujaji wa figo kinapokuwa chini ya mililita 45 kwa dakika. Chake kilikuwa 68.

Dozi za mwanzo za sefazolini zilitolewa wodini, maana mshtuko wa mzio ukitaka kutokea, mara nyingi hutokea mapema, na ni bora umkute mgonjwa karibu na adrenalini. Siku mbili baadaye aliruhusiwa.

Wiki mbili za utulivu, kisha Ijumaa

Utaratibu ulikuwa huu: binti kubadilisha pampu kila siku, muuguzi kufika kila Jumanne kubadilisha bandeji ya katheta na kuchukua damu. Damu ilipimwa chembe zake, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, potasiamu, ini na CRP. Siku ya 13, kabla hajaondoka, nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zilikuwa bilioni 5.8 kwa lita ya damu. Jumanne ya siku ya 20 zilikuwa 2.4. Jumanne ya siku ya 27 zilikuwa 0.9.

Hakuna aliyeiona 0.9 hadi Ijumaa.

Ijumaa jioni binti alipiga simu. "Sista, Baba ana homa, nimepima mara mbili, thelathini na nane nukta mbili. Mkono wenye katheta hauna wekundu. Niendelee na pampu ya leo?" Muuguzi wa zamu alimwambia aifunge klipu, asiunganishe nyingine, wafike hospitalini usiku huohuo. Alipofungua kompyuta ndipo alipokuta majibu ya Jumanne.

Homa kwa mtu aliye na katheta na nyutrofili zinazoshuka ina maelezo manne ya kufikiriwa kwa pamoja: katheta imeingiwa na bakteria, maambukizi ya pingili yamerudi, dawa yenyewe inaleta homa, au bakteria mpya amepata mwanya kwa sababu askari wa damu wamepungua. Kubahatisha moja kati ya hayo ni hatari. Damu ilioteshwa kutoka kwenye katheta na kutoka mkono mwingine kwa wakati mmoja. Mpangilio huo una maana yake: chupa ya katheta ikiota walau saa mbili kabla ya ile ya mkono, kidole kinaielekea katheta. Mgongo ulipimwa upya, neva za miguu zikajaribiwa, mkono ukapigwa ultrasaundi kutafuta damu iliyoganda. Sefazolini ilisimamishwa, na kwa saa 48 akapewa antibayotiki za kundi jingine zinazofunika bakteria wengi.

Chupa zote hazikuotesha kitu. CRP ilikuwa 19, chini kuliko siku aliyotoka wodini. Homa iliisha ndani ya siku moja na nusu. Nyutrofili zilifika chini kabisa siku ya 31, zikiwa 0.7, kisha zikaanza kupanda, na wiki moja baadaye zilikuwa 3.1. Kwa kuwa alikuwa amebadilishiwa dawa na kufunikwa kwa wakati mmoja, homa peke yake haithibitishi kitu. Kushuka kwa nyutrofili baada ya wiki kadhaa za betalaktamu na kupanda kwake mara dawa ilipoondolewa ndiko kunakoeleza zaidi. Ni madhara yanayofahamika ya betalaktamu zinazotolewa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, na ndiyo moja ya sababu damu hupimwa kila wiki.

Majibu yalikuwa ya nani?

Dawa ilichaguliwa vizuri. Katheta ilikuwa sahihi. Binti alifanya kila alichofundishwa, na simu yake ndiyo iliyoleta msaada. Damu ilichukuliwa kwa siku yake na maabara iliipima kwa saa zake. Kilichokosekana ni jicho la kusoma.

Fomu ya maabara ilibeba jina la daktari wa wodi aliyeandika ruhusa. Daktari huyo alikuwa amehamishiwa kitengo kingine, kama ilivyo kawaida, na majibu yalimwendea kwenye orodha ambayo hakuwa tena na sababu ya kuifungua. Daktari wa maambukizi alidhani wodi inafuatilia. Muuguzi aliyechukua damu alidhani majibu yanakwenda kwa daktari wa maambukizi. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na kati ya sehemu hizo palikuwa na nafasi iliyomtosha mgonjwa mzima kupotelea.

Wodini nafasi hiyo haipo kwa namna ileile. Majibu mabaya yakipotea, bado kuna raundi ya asubuhi, kuna muuguzi anayepima joto kila zamu, kuna mfamasia anayepitia kadi ya dawa. Uangalizi wa wodi unakuja pamoja na kitanda bila mtu kuuomba. Mgonjwa akiondoka, uangalizi huo haumfuati. Ni lazima ujengwe upya, mtu kwa mtu na siku kwa siku, kabla hajavuka mlango. Naamini hili ndilo kiini cha tiba hii, kuliko pampu na katheta zote, na programu inayoanza kwa kununua pampu kabla ya kuandika nani anasoma majibu imeanza kwa kisichokuwa cha kwanza.

Jambo la pili ni ile 2.4 ya siku ya 20. Kompyuta ya maabara haikuitia alama yoyote, kwani iko ndani ya kiwango cha kawaida. Lakini ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu ndani ya wiki moja. Ni kweli kwamba maambukizi yanapotulia nyutrofili hushuka zenyewe, kwa hiyo namba hiyo isingetosha kusimamisha dawa. Ingetosha kurudia kipimo baada ya siku tatu badala ya saba. Mashine hulinganisha mgonjwa na watu wote. Mtu anayemfahamu humlinganisha na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita, na kwa hilo mtu anahitajika.

Je, vidonge vingetosha tangu mwanzo?

Swali hili lilizuka kwenye kikao cha timu cha kupitia kisa hiki, na ni la haki. Utafiti wa Uingereza uitwao OVIVA, uliochapishwa mwaka 2019, uliwagawa wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo: wengine dawa ya mshipani kwa wiki sita za mwanzo, wengine ya kumeza. Baada ya mwaka mmoja tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya kundi la mshipani na 13.2 ya kundi la kumeza. Vidonge havikuwa duni. Utafiti wa POET wa Denmark, wenye wagonjwa 400 wa maambukizi ya vali za upande wa kushoto wa moyo, ulionyesha kwamba walio imara wanaweza kuhamia vidonge baada ya kipindi cha kwanza cha mshipani.

Waliosema kwenye kikao kwamba OVIVA inamaliza mjadala walikosa jambo moja: utafiti ule haukuwachukua wagonjwa waliokuwa na stafilokokasi kwenye damu. Mzee wetu asingeingia. Kwa hiyo kumpa dawa ya mshipani siku ya 13 ulikuwa uamuzi unaoweza kutetewa. Ninachokiona kigumu kutetea ni kwamba baada ya hapo swali halikuulizwa tena. Siku ya 20 alikuwa imara, damu safi muda wote, moyo salama, tumbo linafanya kazi, na bakteria wake alisikia dawa za kumeza zinazofika kwenye mfupa. Tiba ya nyumbani ikishapangwa kwa wiki sita huelekea kukimbia wiki sita, kwa kuwa hakuna raundi ya kumfanya mtu aulize kama bado inahitajika.

Siku ya 32 katheta iliondolewa na akapewa levofloksasini pamoja na rifampisini, mchanganyiko wa aina iliyotumika kwa wagonjwa wengi katika utafiti ule wa Ufaransa. Nao una mitego: rifampisini hupunguza nguvu za dawa nyingine nyingi, zikiwemo baadhi za kisukari, na levofloksasini huweza kuyumbisha sukari na kuumiza kano. Vidonge vyake vyote vilipitiwa na mfamasia kimoja kimoja, moyo ukapimwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na vipimo vya damu vya kila wiki vikaendelea hadi siku ya 42. Kumeza dawa hakukumwondoa kwenye orodha ya ufuatiliaji.

Timu ilibadilisha mambo matatu. Kila mgonjwa anayeruhusiwa na katheta sasa ana jina la daktari mmoja na la msaidizi wake kwenye fomu za maabara, na barua ya ruhusa haisainiwi majina hayo yakiwa hayajajazwa. Kila Jumatano wagonjwa wote walioko nyumbani hupitiwa kwa majina mbele ya daktari, muuguzi na mfamasia: majibu ya wiki hii kando ya ya wiki iliyopita, hali ya katheta, na kama vidonge sasa vinawezekana. Maabara nayo imepewa viwango vya kupiga simu badala ya kuandika tu, na nyutrofili chini ya 1.0 ni kimojawapo.

Jambo moja halikupata mwafaka. Baadhi walitaka wagonjwa wa stafilokokasi waje kituoni kila siku badala ya kuachiwa pampu, ili muuguzi awaone. Wengine walijibu kwamba safari ya kila siku kwa mwenye maumivu ya mgongo ni adhabu, na kwamba macho ya muuguzi yasingeona nyutrofili. Mimi niko na hawa wa pili, ila naelewa hofu ya wa kwanza.

Mzee alirudi kliniki miezi mitatu baadaye. Maumivu yalikuwa yamebaki kidogo, ya kukaa muda mrefu, CRP ilikuwa 4. MRI haikurudiwa, kwani picha ya mfupa huchelewa kufuata hali ya mgonjwa na huweza kuonekana mbaya kwa mtu anayepona. Aliambiwa arudi mara moja maumivu yakianza kumwamsha usiku, homa ikirudi au miguu ikilegea, na ataonwa tena hadi mwaka mmoja utimie tangu dawa zilipokwisha.